Kupanga Maandishi ya Wiki kwa Chaki na Ubao

1. Utangulizi

Wiki ni mkusanyiko wa kurasa katika intaneti ambazo msomaji mwenyewe anaruhusiwa kuzisahihisha na kuziongezea. Wiki ya kwanza iliwekwa katika intaneti mwaka 1995 na Mmarekani Ward Cunningham, naye akalichukua jina hilo katika lugha ya Hawaii, ambamo lina maana ya "haraka". Kamusi elezo ya Wikipedia ilianzishwa kwa mtindo huo mwaka 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003.

Katika Wikipedia ya Kiswahili kata nyingi za nchi yetu tayari zina ukurasa. Hata hivyo, mwalimu mwanafunzi wa Rungwe au wa Kilolo akiutafuta ukurasa wa kata yake, mara nyingi atakuta sentensi mbili tatu tu: jina la kata, wilaya na mkoa wake, na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Mto uliopo, zao linalolimwa, mnada, shule na historia ya mahali, hayo yote hayamo. Mtoto anayesoma hapo huhesabiwa na sensa, lakini nchi yake haijaelezwa.

Ni nani atakayeieleza? Mwalimu wa shule ya msingi ana nafasi nzuri kuliko watu wengi. Anaishi katika kata, anakijua Kiswahili sanifu, na amefunzwa kupanga maelezo ili yaeleweke. Zana nazo zimeanza kumfikia: vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha. Kinachowakwamisha wengi ni jambo dogo. Wakifungua ukurasa ili wauhariri, wanakuta alama wasizozizoea, wanaogopa kuharibu, kisha wanaufunga.

Madhumuni ya makala hii ni kuzieleza alama hizo za msingi, na kuonyesha jinsi zinavyoweza kufundishwa kwa chaki na ubao, hata mahali ambapo hakuna kompyuta wala umeme. Jambo hili linawezekana kwa sababu moja: alama za wiki ni herufi na vituo vya kawaida. Kinachoweza kuandikwa kwa kidole kwenye kishikwambi kinaweza pia kuandikwa kwa chaki.

2. Kupanga si kupamba

Wanaoanza kazi hii hudhani kwamba alama za wiki ni mapambo: kunenepesha maneno, kuyainamisha, kuyapa rangi. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi, na hapana budi mwalimu aiondoe mapema.

Alama ya wiki hueleza maneno fulani ni kitu gani. Huiambia mashine: hiki ni kichwa, hii ni orodha, hili ni jina lenye ukurasa wake, huu ni ushahidi wa sentensi iliyotangulia. Sura itakayoonekana ni kazi ya mashine. Hali ni ile ile ya insha. Hatumfundishi mtoto kugawa insha katika mwanzo, kiini na mwisho ili daftari lipendeze, bali ili msomaji asipotee.

Msomaji wa wiki ni wa namna tatu. Wa kwanza ni yule mwenye haraka, anayetaka kujua jambo moja tu. Huyo huongozwa na vichwa. Wa pili ni asiyeona, ambaye husomewa ukurasa kwa sauti na mashine. Yeye huweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, lakini ikiwa tu vichwa hivyo vimetiwa alama ya kweli. Mwandishi aliyenenepesha mstari akaufanya uonekane kama kichwa amelidanganya jicho, lakini masikio ya msomaji huyo hayapati msaada wowote. Wa tatu ni mhariri ajaye, atakayeongeza au kusahihisha. Kazi iliyopangwa vizuri humkaribisha. Iliyovurugika humfanya aifute yote.

3. Alama za msingi

(a) Aya. Katika wiki aya mpya huanzishwa kwa kuacha mstari mmoja mtupu. Kushuka mstari bila kuacha nafasi hakutoshi: mashine itaziunganisha sehemu mbili kuwa aya moja. Hapa kuna mtego unaowapata hasa wanafunzi wetu, kwa kuwa darasani tumewazoesha kuingiza mstari wa kwanza wa aya ndani kidogo. Mstari wa wiki unaoanza na nafasi tupu huchukuliwa kuwa maandishi ya namna ya pekee, nao huwekwa katika kisanduku kwa herufi za taipureta. Kwa hiyo kila aya ianze ukingoni kabisa.

(b) Vichwa. Kichwa huzungushiwa alama ya sawa, na husimama peke yake katika mstari wake:

== Historia ==
=== Vita vya Lugalo ===

Alama mbili kila upande ni kichwa kikuu cha sehemu; tatu ni kichwa kidogo kilicho chini yake. Hatutumii alama moja, kwa sababu daraja hilo ni la jina la ukurasa wenyewe. Wala hatuvuki daraja: chini ya kichwa cha alama mbili huja cha alama tatu, hakiji cha alama nne. Orodha ya yaliyomo hutengenezwa na mashine kutokana na vichwa hivyo, mwandishi haiandiki.

(c) Herufi nzito na herufi za mlalo. Alama inayotumika ni ritifaa, ile ile ambayo mtoto ameijua katika neno ng'ombe. Ritifaa mbili kila upande huyalaza maneno, tatu huyanenepesha:

'''Mufindi''' ni wilaya ya Mkoa wa Iringa.
Katika Hifadhi ya Ruaha kuna mibuyu (''Adansonia digitata'').

Herufi nzito hutumika kwa jina la mada linapotajwa mara ya kwanza, basi. Herufi za mlalo hutumika kwa majina ya vitabu na majina ya kisayansi ya mimea na wanyama. Mwalimu aangalie mambo mawili. Kwanza, ritifaa mbili si alama ya kunukuu, ingawa ubaoni zinafanana; aziandike kwa kuziachanisha, kisha azihesabu kwa sauti pamoja na darasa. Pili, simu nyingine huibadili ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na mashine haiitambui iliyopinda.

(d) Orodha. Kinyota mwanzoni mwa mstari hutengeneza orodha isiyo na mfuatano. Alama ya reli hutengeneza orodha ya namba.

* Iringa
* Kilolo
* Mufindi

# Kuchuma majani ya chai
# Kuyanyausha
# Kuyasaga
# Kuyaacha yageuke rangi
# Kuyakausha

Orodha ya kwanza inataja wilaya za Mkoa wa Iringa. Zikibadilishwa nafasi hakuna kinachoharibika. Ya pili ni hatua za kutengeneza chai nyeusi, kama inavyofanywa Mufindi na Rungwe. Hapo mfuatano ukivurugwa maana inapotea. Mwanafunzi ajiulize swali hilo kabla ya kuchagua alama. Aidha, asiache mstari mtupu kati ya namba na namba, maana mashine itaanza tena kuhesabu kutoka moja.

(e) Viungo. Jina likizungushiwa mabano mraba mawili kila upande huwa kiungo cha ukurasa mwingine:

[[Mkoa wa Njombe]]
[[Mkoa wa Mbeya|Mbeya]]

Katika mfano wa pili, sehemu iliyo kushoto kwa mstari wima ni jina la ukurasa, na ya kulia ni neno atakaloliona msomaji. Njia hii inatufaa sana, kwa kuwa jina Mbeya laweza kuwa la mkoa, la jiji au la mlima. Mwandishi anayeandika "alizaliwa Mbeya" hana budi kujua anakusudia ipi. Kiungo kinachoelekea ukurasa usiokuwapo huonekana chekundu. Hilo si kosa. Ni taarifa kwamba kazi hiyo bado inamsubiri mtu.

(f) Ushahidi. Kila habari yenye uzito huambatanishwa na mahali ilikotoka. Ushahidi huwekwa mara baada ya sentensi, kati ya alama mbili zinazotumia "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko" tunazozijua katika hisabati:

<ref>Mwandishi, jina la kitabu, mahali na mwaka wa kuchapishwa, ukurasa.</ref>

Alama ya kufungia hutofautiana na ya kufungulia kwa mkwaju. Mkwaju ukisahauliwa, mashine haitajua ushahidi unaishia wapi. Mwishoni mwa ukurasa, chini ya kichwa cha Marejeo, huandikwa <references /> nayo mashine hukusanya ushahidi wote hapo na kuupa namba.

(g) Saini. Kila ukurasa una ukurasa mwenzake wa majadiliano, ambamo wahariri hushauriana. Humo mtu humaliza maneno yake kwa alama nne za wimbi, ~~~~, nazo hugeuka kuwa jina lake na saa aliyoandika. Katika makala yenyewe hatutii saini kamwe, kwa kuwa makala ni ya wote.

Twajua kwamba siku hizi upo pia uhariri wa vitufe, ambao hauonyeshi alama hizi. Ni njia njema, na mwanafunzi asikatazwe kuitumia. Lakini akikuta ukurasa uliovurugika atahitaji kuingia penye maneno "Hariri chanzo", na huko atazikuta alama hizi hizi. Tena, vitufe haviwezi kuandikwa ubaoni.

4. Jinsi ya kufundisha

Tunapendekeza somo la vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja, kwa walimu wanafunzi wenyewe au kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi katika kipindi cha Kiswahili. Vifaa ni ubao uliogawanywa katikati kwa mstari, chaki nyeupe, ya buluu na nyekundu, na madaftari.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Mwalimu aandike upande wa kushoto habari fupi isiyo na mpango wowote, kisha awaulize wanafunzi: nikitaka kujua historia tu, nianze kusoma wapi? Wakishindwa kujibu, haja ya vichwa imejidhihirisha yenyewe. Asiwape jibu kabla hawajaihisi shida.

Hatua ya pili (dakika 30). Mwalimu afundishe alama tatu tu: aya, vichwa na herufi nzito. Kila alama aiandike upande wa kushoto, na upande wa kulia aandike kile atakachokiona msomaji. Herufi nzito azipitie chaki mara mbili. Maandishi mengine ayaache ya kawaida.

Hatua ya tatu (dakika 25). Darasa ligawanywe makundi mawili. Kundi la kwanza ni waandishi, kundi la pili ni mashine. Waandishi huandika kushoto, mashine huandika kulia. Sharti la mchezo ni moja: mashine haikisii. Mwandishi akisahau kufunga ritifaa tatu, mashine hunenepesha maneno yote hadi mwisho wa aya. Akianza mstari kwa nafasi tupu, mashine huuchorea kisanduku. Viungo huandikwa kwa chaki ya buluu, na vile visivyo na ukurasa kwa nyekundu. Watoto hucheka wanapoona matokeo, lakini kosa walilochekea hawalisahau. Baadaye makundi yabadilishane kazi.

Hatua ya nne (dakika 15). Kila mwanafunzi aandike katika daftari lake ukurasa mfupi kuhusu shule au kijiji chake, wenye mwanzo, vichwa viwili na kiungo kimoja. Jirani yake ausahihishe kwa kalamu ya risasi. Kusahihishana huku ni sehemu ya somo, kwa maana ndiyo desturi ya wiki yenyewe.

Alama za orodha, ushahidi na saini ziachwe kwa somo la pili. Mwalimu anayezimwaga zote kwa siku moja atavuna mkanganyiko.

5. Mfano wa kusahihisha

Haya ni maandishi ya namna ambayo mwanafunzi anayeanza anaweza kuyatoa:

   KALENGA. Kalenga ni kijiji kizuri sana karibu na Iringa. HISTORIA Mkwawa alikaa Kalenga na Wajerumani wakaiteka 1894 na fuvu lake likarudishwa 1954.

Mstari umeanza na nafasi tupu. Vichwa vimeigizwa kwa herufi kubwa. Neno "kizuri sana" ni sifa wala si habari. Mambo yaliyopishana miaka 60 yamefungwa katika sentensi moja, na kifo cha Mkwawa kimerukwa. Tazama sasa:

'''Kalenga''' ni kijiji cha [[Mkoa wa Iringa]] nchini [[Tanzania]].

== Historia ==
Kalenga ilikuwa makao makuu ya [[Mkwawa]], mtawala wa [[Wahehe]]. Mwaka 1891 jeshi lake lilikishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo. Wajerumani waliiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894.<ref>(ushahidi)</ref>

=== Fuvu la Mkwawa ===
Mkwawa alifariki mwaka 1898. Fuvu lake lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, nalo lilirudishwa Kalenga mwaka 1954.<ref>(ushahidi)</ref>

== Marejeo ==
<references />

Angalia kwamba mpango umeilazimisha habari yenyewe ikamilike. Mwandishi alipotenga kichwa cha fuvu, aliona pengo la mwaka 1898 akalijaza. Hiyo ndiyo faida kubwa ya alama hizi kwa mwalimu: zinamwonyesha mwanafunzi kile ambacho hajakijua.

6. Tahadhari

Kwanza, mipaka ya mikoa yetu imebadilika. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Vitabu vingi vilivyomo katika maktaba za shule vingali vinasema kwamba kimondo cha Mbozi kiko Mkoa wa Mbeya. Leo kiko Songwe. Anayenukuu kitabu cha zamani aandike kiungo cha mkoa wa sasa, na aeleze kwamba zamani palikuwa chini ya Mbeya.

Pili, simulizi za wazee ni hazina, lakini kamusi elezo huhitaji ushahidi uliochapishwa, ambao msomaji wa mbali anaweza kuuchunguza. Mwalimu aziandike simulizi hizo na kuzihifadhi shuleni kwa masomo mengine; katika wiki aweke yale ambayo kitabu, gazeti au taarifa ya serikali inayathibitisha.

Tatu, asinakili maneno ya kitabu. Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa masharti ya kuwa mtu yeyote anaweza kuyatumia tena, na hatuwezi kugawa kisicho chetu. Asome, afunge kitabu, aandike kwa maneno yake, kisha ataje kitabu.

Nne, majina na picha za wanafunzi zisiwekwe katika intaneti. Watoto wajifunze ubaoni na daftarini. Anayechapisha ni mwalimu.

Tano, asiogope. Kila toleo la ukurasa huhifadhiwa katika historia yake, na lililoharibika hurudishwa. Kipo pia kitufe cha kuutazama ukurasa kabla ya kuuhifadhi. Akitumie kila mara.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba alama za msingi za wiki ni chache, kwamba kazi yake ni kumwonyesha msomaji mpango wa mawazo, na kwamba chaki yatosha kuzifundisha. Mwalimu atakayepangiwa shule ya Makete, Chunya au Mufindi atakuta huko mambo ambayo hayajaandikwa kwa Kiswahili popote. Akijua kuyathibitisha na kuyapanga, watoto wa kata hiyo watasoma habari za kwao katika lugha yao, nao walio mbali watajua kwamba pana watu hapo, si idadi tu.

Maswali ya mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya mstari ulionenepeshwa na kichwa cha kweli. Ni msomaji gani anayeumia zaidi vikichanganywa, na kwa nini?
2. Andika kwa alama za wiki orodha mbili zinazohusu kilimo cha kata yako: moja yenye mfuatano, nyingine isiyo na mfuatano.
3. Tunga sentensi tatu zenye neno Mbeya, ambamo neno hilo lina maana ya mkoa, ya jiji na ya mlima. Weka kiungo kinachofaa katika kila moja.
4. Tayarisha andalio la somo la pili, litakalofundisha ushahidi na saini kwa njia ya makundi ya waandishi na mashine.
5. Tafuta ukurasa wa kata yako katika Wikipedia ya Kiswahili. Taja mambo matatu yaliyokosekana, na kwa kila moja utaje kitabu au taarifa unayoweza kuitumia kuwa ushahidi.